Somo, Mimi Si Mali ya Wasia

Somo,

Kwanza nakusalimu, maana nililelewa. Pili nina shauri nawe, kwa hivyo usijifanye umelala. Watu husema maiti hatajwi ila kwa wema, na wema wako nitautaja, lakini utangoja zamu yake. Leo nina maswali. Unayajua maswali yangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba mimi nikipewa chai huinusa kwanza, na nikiletewa habari njema huuliza nani amekufa.

Ninapokuandikia nimekaa wapi, hilo nitakwambia mwishoni. Nikikwambia sasa hutasikiliza mengine.

Tangu tukuzike, mahali pako pa kulala pamepewa mtu. Ni mjane kutoka Mbaraki, mwanamke mpole, ana sauti ndogo na koromo kubwa. Siku ya kwanza alinipa nusu ya embe lake. Nikalila, lakini nilijiuliza kwa nini. Siku ya pili nikaona kwamba nikigeuka kitandani naye anageuka, nikikohoa naye anauliza kulikoni. Nikasema, hapa msimamizi, Bi Zuwena, ameniwekea jicho. Labda namsingizia. Labda ni mama wa watu tu, hajazoea kulala na mgeni chumbani. Lakini wewe hukunifundisha kuanza na labda ya pili.

Nyumba unaijua kuliko mimi, ila niache niiseme kama mtu anayeitazama kutoka nje. Ni nyumba ya wakfu nyuma ya Makadara, yenye ghorofa moja, iliyoachwa na tajiri aliyetaka thawabu ili wanawake wasio na watu wapate pa kulala na cha kula. Tupo wajane, walioachwa, wagonjwa, na vilema kama mimi. Hakuna anayelipa. Hakuna anayepika chake. Hakuna mwenye ufunguo ila Bi Zuwena, msimamizi wetu, na ufunguo wenyewe ameufunga kwenye pindo la leso, hata akisujudu unaugonga mkeka. Kofia tunazoshona huchukuliwa, nasi huambiwa zimeingia kwenye nyumba, kana kwamba nyumba ndiyo inayovaa kofia.

Na zile leso za Idi! Kila Idi twapewa leso, sote za rangi moja na jina moja lililoandikwa pindoni. Wenzetu hushukuru, na wewe ulikuwa ukishukuru mbele yao. Mimi niliona mapema kwamba kila tukitoka barabarani watu wanatutambua. Muuza mbaazi alikuwa akituongezea upawa bila kuombwa, akisema, "Hawa ni wa wakfu, maskini." Yule alikuwa akitafuta thawabu zake kwenye bakuli langu. Wewe ulicheka, ukaniambia nile mbaazi niache mambo ya thawabu.

Halafu wageni. Unakumbuka wasimamizi wa wakfu walipokuwa wakileta matajiri waone sadaka yao inavyofanya kazi? Bi Zuwena alikuwa akiniita kwa sauti ya asali: "Mwanajuma mdogo, ndoo mwanangu, tembea kidogo wakuone." Nami natembea, fimbo na mguu, fimbo na mguu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Wageni wanatikisa vichwa. Mmoja alitoa machozi. Sikupata kujua machozi yale yalinunua nini.

Sasa nije kwenye ngazi.

Nilifika nyumba ile nikiwa msichana, mguu wa kushoto umekwisha kukauka kwa homa ya utotoni. Wewe ulikuwa umekwisha kukaa pale miaka, na kwa kuwa jina letu ni moja, ukaniita somo siku ile ile, mbele ya kila mtu, kama unayenunua kitu kabla mwingine hajaulizia bei. Ukanifundisha kofia. Mimi nilishona ukanda, wewe ukashona duara la juu, kisha ukaziunganisha, ukikata uzi kwa yale meno yako mawili. Na kila nilipotaka kushuka chini ulinipa bega. Ngazi zile ni za nyumba za kizamani, ndefu na nyembamba, hazina pa kushika. Nilishika bega lako la kulia. Nalijua bega lile kuliko uso wangu. Lilikuwa na mfupa mmoja uliochomoza, na harufu ya mafuta ya nazi na udi wa jana. Ndio huo wema wako, Somo, nimeutaja. Nimekukosa hata sijui niandike vipi. Asubuhi nyingine hunyoosha mkono kabla sijafumbua macho.

Ulipokufa, nikabaki juu. Bi Zuwena alisema, "Ngoja, atakuja mtu akushushe." Basi nikawa mtu wa kungojea mtu. Akija yuko mbioni, asipokuja hakuna wa kulaumiwa. Chakula naletewa juu, maji naletewa juu. Kila mmoja aliyepanda alinihurumia, na kila mmoja alisahau kurudi.

Mambo ya chumba cha Bondeni tulikuwa tumeyazungumza wewe na mimi tukiwa na sindano mkononi. Nilitaka chumba cha chini kisicho na ngazi, chenye mlango wangu na jiko langu. Mwenye duka la vitambaa pale Makadara alikubali kuzichukua kofia zangu mwenyewe, bila kupita kwa nyumba. Bi Kibibi, yule mwenye nyumba ya Bondeni, akasema chumba kipo, nije mwezi ukiandama. Nilipokwambia ulisema inshallah. Kila nilipokwambia, ukasema inshallah na kuinamia kofia. Mwezi ukaandama, Bi Kibibi akaleta habari kwamba chumba kimepata mtu wa kwao kutoka bara. Nikajua papo hapo kwamba kuna mkono. Nikasema ni mkono wa Bi Zuwena. Kofia zangu zikitoka, nyumba itavaa nini? Na wageni wataonyeshwa nani?

Nilikwambia hivyo. Ukasema, "Huenda." Nikakumbuka neno hilo baadaye.

Kisha ukapigwa na kiharusi. Nilikaa nawe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, nilitoka kwa kutawadha tu. Ulimi wako ulifungwa kabisa. Ulikuwa ukinitazama, unataka jambo, midomo inakwenda upande, sauti haitoki. Nilikuwekea maji, ukakataa. Nilikusomea, ukaendelea kunitazama. Nilidhani ni uchungu wa mauti. Sasa najiuliza.

Siku ya hitima yako, baada ya dua, kabla sahani hazijaondolewa, Bi Zuwena akasimama. Akasema mbele ya wanawake wote, wa nyumba na wa mtaani: "Marehemu kaniusia, pale kitandani pake, Mwanajuma mdogo asitoke nyumba hii. Kaniambia nimtunze." Wanawake wakaitikia. Mmoja akalia. Mmoja, namjua, akanong'ona, "Afadhali, maana Uhuru ulikuwa umemwingia kitwani." Huu ni mwaka wa pili tangu bendera ibadilike, na bado kila mwanamke akitaka jambo lake wanamwambia Uhuru umemwingia kichwani.

Wasia wa maiti, Somo. Unajua uzito wake kwetu. Mtu aweza kugombana na aliye hai akapatana naye kesho, lakini anayevunja wasia hupakwa tope mtaa mzima, wala hapati wa kumpangisha chumba. Nami nilijua kuwa ni uongo. Kitandani ulikuwa huna ulimi. Niliinama nikala wali wangu, na kila tonge nikaliona lina mkono wa Bi Zuwena ndani yake.

Nikaazimia kumfichua. Asubuhi alipokwenda sokoni na mjane wa Mbaraki ameshuka kufua, nilikwenda kwenye ngazi. Nikaitupa fimbo chini, nikaisikia ikigonga kila kipandio hadi mwisho. Nikakaa kwenye kipandio cha kwanza. Nikashuka kwa makalio, kimoja kimoja, kama mtoto, buibui limekusanywa magotini. Nikafika chini. Jasho lilinitoka lakini mifupa yangu ilikuwa mizima. Nilikaa pale nikizitazama zile ngazi kutoka chini, na swali likaja bila kuitwa: miaka yote ile, hukujua kwamba naweza? Hata siku moja hukufikiri? Au ulifikiri, ukanyamaza, ukanipa bega?

Mlango wa mbele ulikuwa wazi kwa sababu ya mleta maji. Nikaenda Bondeni kwa mguu wangu na fimbo yangu, nikipumzika kwenye baraza za watu. Wote waliniamkia vizuri, na wote waliitazama ile leso.

Bi Kibibi aliponiona alishtuka. Nikamwambia nimekuja kujua ni nani aliyekuja kukiharibu chumba changu, na asimtaje mtu wa bara kwa sababu chumba naona kimefungwa na mlangoni kuna utando wa buibui. Nilikuwa na jina la Bi Zuwena tayari mdomoni, namngoja alitamke tu.

Akaniambia, "Si Bi Zuwena, mwanangu. Ni somo yako. Alikuya hapa mwenyewe na sahani ya visheti, akakaa pale ulipokaa. Akanambia, chumba usimpe. Akianguka mule ndani peke yake, nani atamwinua? Akanishika mkono nimpe neno langu, nikampa. Na sasa ni maiti. Neno la maiti mimi silivundi."

Sikumwamini. Nilidhani ametumwa, amepewa chochote, ana mpangaji wake mwingine. Nikamwuliza visheti vyenyewe vilikuwaje. Akafikiri kidogo, akasema vilikuwa na iliki nyingi, lakini vimezidi moto, vyeusi upande mmoja.

Basi ni wewe. Hakuna mwingine Mombasa nzima anayeunguza visheti akavipeleka kwa watu bila haya.

Nilikasirika, Somo. Nataka ulijue hilo, nisilipambe. Nilikaa kwenye baraza ya yule mwanamke nikahisi uso unaniwaka. Nilikuwa nimemshuku kila mtu katika mji huu, mjane wa watu na embe lake, muuza mbaazi na upawa wake, na aliyeniharibia alikuwa akilala mkono mmoja kutoka kwangu, akinikatia uzi kwa meno. Ulikwenda Bondeni kwa miguu yako ukarudi, ukanikuta nashona, nikakuuliza umetoka wapi. Ulisema umekwenda kumtazama mgonjwa. Nami, mwenye kunusa chai, nikakwambia Mungu amponye.

Niliporudi nilimkabili Bi Zuwena pale pale mlangoni, kabla hajauliza nimetokaje. Nikamwambia marehemu hakusema neno kitandani. Hakukana. Alisema, "Kweli, hakusema kitandani. Alinambia zamani, jikoni, akikaanga. Nilisema kitandani ili watu waliheshimu neno lake." Nikamwuliza wewe uliogopa nini. Akasema, "Alikuwa yuwaogopa kulala peke yake, kama sote humu. Hukumjua?" Kisha akaenda zake na ufunguo wake.

Sijui niamini lipi. Kwa Bi Kibibi ulisema unanihofia mimi. Kwa Bi Zuwena inaonekana ulijihofia wewe. Labda yote ni kweli, labda Bi Zuwena ameniambia lile litakalonifanya nikuonee huruma nibaki. Anazijua huruma, ndiyo kazi yake. Siku zako za mwisho ulikuwa ukinitazama na midomo inakwenda upande. Ulikuwa ukitaka kunambia ulichofanya, au ukitaka kukikazia? Hilo ndilo swali linaloniuma, na hakuna mtu hai wa kuniambia.

Ikanibidi niende kwenye darsa ya wanawake, kwa maalim wa pale Makadara, yule mzee mkali anayesomesha nyuma ya pazia. Kwenda kwenye darsa hakuna wa kunikataza, hata Bi Zuwena, na yeye mwenyewe huja. Bi Kibibi naye huja. Nilingoja wakati wa maswali. Nikauliza kwa sauti: mtu akiusia kwamba fulani asitoke nyumba fulani, wasia huo unamfunga?

Maalim akauliza marehemu ameacha nini. Nikamtajia mkeka, sanduku la bati, leso mbili, sindano zake na duara la kofia ambalo hukulimaliza.

Akauliza, "Na wewe ni kipi katika hivyo?"

Wanawake wakaangua kicheko, hata wale waliokuja kulala. Maalim akawanyamazisha. Akasema wasia ni katika mali, tena hauzidi theluthi, na mwanamke mzima mwenye akili zake si mali wala si theluthi. Akasema neno la marehemu ni nasaha, wa kuitaka aishike, wa kuiacha aiache, na asiseme mtu kwamba ameasi. Akaniambia nikuombee sana. Kisha akauliza kama kuna swali jingine, kana kwamba aliyoyasema yalikuwa mambo ya udhu.

Bi Zuwena alikuwa akiutazama mkeka. Bi Kibibi akakohoa. Tulipokuwa tukivaa viatu alinisogelea akasema, "Haya basi, uje uutizame mlango kwanza, umeoza kidogo tini."

Ndiyo, Somo. Nakuandikia kutoka Bondeni. Sasa unajua.

Chumba ni kidogo. Jua linaingia asubuhi tu, na jirani ana jogoo asiyejua saa. Nina kitanda cha kamba, meza ya mtu aliyehama, na sanduku lako la bati, ambalo Bi Zuwena alisema nilichukue. Aliniletea pia jiko la makaa, jipya, kwa mkono wa mjane wa Mbaraki, bila neno lolote. Nimelipindua nikalikagua pande zote. Ni jiko tu. Siku moja nitakwenda kumshukuru, nikishajua anataka nini. Bi Kibibi naye ni mwema kupita kiasi na hilo nalitazama kwa jicho moja. Leso ya wakfu nimeifanya tambara la kuepulia sufuria.

Sasa nikwambie jambo ambalo Bi Kibibi halijui, wala mtu yeyote.

Juzi nilianguka. Nilikuwa natoka bombani uani na birika la maji, fimbo ikateleza pale kizingitini, nikaenda chini kwa kishindo. Birika likabingirika hadi ukutani. Bi Kibibi alikuwa ametoka, uani hakukuwa na mtu. Nililala kwenye sakafu, shavu kwenye saruji yenye maji, na nikakusikia: nani atamwinua? Nililia, Somo. Goti liliuma, lakini si goti lililoniliza. Nililia kwa kuwa ulikuwa umesema kweli, na kwa kuwa nililitaka bega lako hata najionea haya. Kama Bi Zuwena angetokea mlangoni wakati ule na ufunguo wake, ningemfuata. Nakwambia wewe tu.

Hakutokea mtu. Nililala pale mpaka kulia kukaisha kwenyewe. Kisha nikajiburura hadi kwenye kitanda, nikashika mguu wa kitanda, halafu mbao ya ubavuni, nikajivuta. Mara ya kwanza nikarudi chini. Mara ya pili nikakaa. Goti lilikuwa limechubuka, mkono umeteguka kidogo. Nikaokota birika, nikaitafuta fimbo, nikarudi bombani kwa sababu maji yalikuwa yamemwagika na bado nilitaka chai.

Siku ya maziko yako waliuliza nani ana la kukudai, tukajibu sote kwamba tumekuwia radhi. Nilijibu na wenzangu, nisijue nakuwia radhi kwa lipi. Leo nalijua, visheti na vyote. Bado nimekasirika, na itanichukua muda, lakini nakuwia radhi tena, mimi peke yangu, kwa jambo hilo hasa. Nawe kama huko watu huwiana radhi, niwie kwa kuondoka.

Lala salama, Somo. Nitakuombea kila Ijumaa, na kila nikimaliza kofia, maana sasa nashona duara na ukanda mwenyewe. Kwamba sitaanguka, hilo siwezi kukuahidi. Nakuahidi hili: nikianguka tena nitakwambia mimi mwenyewe, wala hutalisikia kwa watu.

Mwanajuma, wa Bondeni